Chumba cha Pili: Ugomvi wa Nyumba ya Jirani Uingiliwe au Uachwe?

Mwanamke anapouawa na mumewe, au mtoto anapokutwa na makovu ya moto mgongoni, waandishi wa habari huenda kwa majirani, na majibu hufanana: ugomvi ulikuwa wa kila siku, tulishazoea. Wasomaji hukasirika na kuuliza kwa nini hawakusema mapema. Wiki haijaisha, mtaa wa pili kuna jirani aliyegonga mlango usiku kuamua ugomvi. Huyu anaitwa mmbea, mwenye kiherehere, mvunja ndoa za watu. Mara nyingi wanaomwita hivyo ni wale wale waliowalaumu walionyamaza.

Mkanganyiko huu hauishii kwenye vijiwe. Redio zinahimiza wananchi watoe taarifa za ukatili, huku mafundisho ya ndoa yakiwaasa wanandoa wasitoe siri za ndani. Mtu wa kawaida anabaki hajui wajibu wake unaanzia wapi. Uchambuzi huu unatazama zaidi hali ya Tanzania, na pale panapofaa Kenya na Uganda. Unapitia chanzo cha mkanganyiko, misimamo mikuu mitatu inayoshindana, uzito wa kila mmoja, na vipimo vinavyoweza kumsaidia jirani kuamua.

Mkanganyiko ulikotoka

Ndoa katika jamii zetu haikuwa ya watu wawili peke yao. Mshenga aliyepeleka posa aliweza kuitwa tena mambo yakiharibika. Pwani, kungwi aliyemfunda mwari alibaki mtu wa kukimbiliwa hata miaka mingi baada ya harusi. Bara, mahari yalifunga koo mbili, na mke aliyerudi kwao kwa kipigo alimlazimisha mume amfuate na kujieleza mbele ya wazee. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro kubwa, kwani mara nyingi ulimrudisha mwanamke kule kule alikokimbia. Hata hivyo, aliyeingilia alijulikana, na alikuwa na idhini ya pande zote mbili.

Mji umevuruga mpango huo. Katika nyumba ya kupanga ya Manzese au Tandale, vyumba vinatazamana kwenye korido moja, uani na choo ni vya wote, na ukuta haumzuii mtu kusikia. Wapangaji wametoka Kigoma, Lindi, Mwanza na Tanga. Shangazi wa mke yuko Bukoba, na mshenga hajawahi kufika Dar es Salaam. Anayesikia kilio saa nane usiku ni mpangaji wa chumba cha pili, mtu ambaye hakuna ukoo uliompa ruhusa ya kusema chochote. Kwa hiyo mwenye idhini hasikii, na anayesikia hana idhini. Huo ndio mzizi wa tatizo. Mitaa ya matajiri nayo ina sura yake: kuta ndefu na mageti yanawazuia majirani kusikia, hivyo anayejua ya ndani ni dada wa kazi, ambaye akifungua mdomo anahatarisha mshahara na mahali pa kulala.

Uongozi wa chini nao ulibadilika. Mabalozi wa nyumba kumi, waliowekwa na chama cha TANU katika miaka ya 1960, walikuwa chama na serikali kwa pamoja machoni pa wananchi. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, balozi alibaki kiongozi wa chama, na mamlaka rasmi yakawa ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji. Wengi bado huanzia kwa balozi, lakini wapo wakazi wasiomtambua. Zanzibar ina sheha, ambaye huteuliwa na serikali. Kenya ilianzisha Nyumba Kumi yake mwaka 2013 baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, lakini lengo lilikuwa kuwatambua wageni wenye nia mbaya. Ugomvi wa mke na mume haukuwa shabaha yake.

Ipo pia sababu inayotokana na tabia ya binadamu. Mwaka 1968, wanasaikolojia wa Marekani John Darley na Bibb Latané walifanya jaribio ambalo washiriki walimsikia mtu akizidiwa na kifafa kwenye chumba kingine. Waliodhani wako peke yao na mgonjwa, asilimia 85 walitoa taarifa kabla sauti yake haijakatika. Waliodhani kuna wasikilizaji wengine wanne, ni asilimia 31 tu. Katika nyumba yenye kaya sita, kila kaya hudhani nyingine itaamka, na mwishowe hakuna anayeamka.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2015–16 uligundua kuwa asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofika miaka 15. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 27. Tofauti hiyo inatia moyo, lakini bado ni zaidi ya mmoja kati ya wanne. Utafiti huo wa kwanza ulikuta pia kwamba asilimia 58 ya wanawake, dhidi ya asilimia 40 ya wanaume, walikubali kuwa zipo sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mkewe. Takwimu hii inaeleza kwa nini jirani anayegonga mlango anaweza kufukuzwa na mke mwenyewe.

Kwa watoto, utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili. Hatuzungumzii nyumba chache zilizoharibika.

Sheria imesimama wapi

Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na maskani yake. Wapo wanaoishia hapo. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inakwenda mbali zaidi: mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa kumpa chakula, malazi, matibabu au elimu, ana wajibu wa kuijulisha mamlaka ya serikali za mitaa. Hapa sheria inazungumzia wajibu, kwa hiyo jirani hasubiri kuruhusiwa na baba wa mtoto.

Palipo na utata ni kwenye fimbo. Sheria hiyo hiyo inakataza mateso na adhabu ya kikatili, na inasema marekebisho yanayozidi kiasi kwa umri na hali ya mtoto hayakubaliki. Haikufuta kila aina ya kuchapa nyumbani. Anayesikia viboko upande wa pili wa ukuta anatakiwa apime kiasi ambacho hata mahakama ingehitaji ushahidi kukipima. Kenya nayo ina sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa majumbani, ambayo haikuishia kwenye kipigo: imetaja pia vitisho, unyanyasaji wa kiuchumi na wa kisaikolojia.

Msimamo wa kwanza: ya Ngoswe mwachie Ngoswe

Wanaoshika msimamo huu wa kuiacha familia na mambo yake si wakatili wala waoga tu. Hoja yao ya kwanza ni ya maarifa: jirani anasikia kelele, hajui kisa. Anaweza kumtetea mkosaji na kumwaibisha mkosewa. Hoja ya pili imebebwa na methali inayoshauri kwamba ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime, wakipatana uchukue kapu ukavune. Ugomvi mwingi wa ndani hupoa wenyewe, na waliopatana humgeuka aliyejiingiza.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: aliyeingilia anaondoka, aliyepigwa anabaki. Jirani akirudi kulala, mume anauliza nani aliyemwita mtu wa nje, na kipigo cha pili huwa kikali kuliko cha kwanza. Mume akiwekwa mahabusu, kodi ya nyumba na ada ya shule hazina mlipaji, na baada ya muda mfupi anaweza kutoka kwa dhamana akarudi kwenye mlango ule ule. Jirani mwanamume anayemtetea mke wa mtu anaweza pia kutuhumiwa kuwa ana lake jambo.

Ipo hoja ya nne, inayosahauliwa na wanaharakati. Jicho la mtaa linaloona kipigo ndilo linalohesabu wageni wa mjane kijana, linalouliza kwa nini mke fulani hajazaa, na linalokusanya watu kwenda kufumania. Mji mkubwa uliwapa wengi, hasa wanawake, nafasi ya kupumua mbali na macho hayo, na si wote wangependa yarudi.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba unaichukulia nyumba kama mtu mmoja mwenye nia moja. Unaposema familia iachwe na mambo yake, unamaanisha aachwe yule mwenye nguvu ndani yake. Isitoshe, kimya cha majirani kina ujumbe: mpigaji hukisoma kama kibali, mpigwaji kama hukumu. Na mtoto wa miaka minne hana namna ya kupatana na anayemnyima chakula.

Msimamo wa pili: jirani ni mlinzi wa jirani

Kwa upande wa pili, wapo wanaosema kosa la jinai halibadiliki jina kwa sababu limetendwa chumbani. Serikali imejenga njia kwa kuzingatia mtazamo huu: Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, vituo vya Mkono kwa Mkono katika baadhi ya hospitali, simu ya bure ya watoto nambari 116, na mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, maarufu kama MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017 na kutaka kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi ngazi ya kijiji na mtaa.

Ushahidi wenye nguvu kwa upande huu unatoka Kampala. Shirika la Raising Voices lilitengeneza mpango uitwao SASA!, ambao uliwaandaa wakazi wa kawaida, polisi, wahudumu wa afya na viongozi wa mitaa wajadili matumizi ya nguvu katika mahusiano. Mpango ulifanyiwa majaribio kwa miaka kadhaa katika maeneo ya Rubaga na Makindye, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Ukatili wa kimwili kutoka kwa wenzi, katika mwaka uliotangulia kipimo, ulikuwa chini kwa asilimia 52 katika mitaa iliyopata mpango ikilinganishwa na ile isiyoupata. Wanawake waliofanyiwa ukatili katika mitaa hiyo walipata pia msaada unaofaa zaidi kutoka kwa watu wao wa karibu. Somo lake ni kwamba jirani anaweza kubadili mambo, lakini jirani huyo alikuwa ameandaliwa, na hakuwa peke yake.

Hapo ndipo udhaifu unapoonekana. Wito wa kutoa taarifa huelekezwa kwa mtu mmoja mmoja, bila maandalizi wala ulinzi. Taarifa ikivuja kituoni, mtoa taarifa anaishi na mtuhumiwa kwenye korido moja. Nyumba salama za kuwahifadhi waathirika ni chache. Kesi nyingi hufia njiani kwa sababu mlalamikaji amebanwa na ndugu, na jirani aliyejitolea kuwa shahidi anabaki na uadui mtupu. Hatari nyingine ni umati: kelele za kuomba msaada zinaweza kukusanya watu wenye marungu, na mtuhumiwa akahukumiwa barazani bila kusikilizwa.

Msimamo wa tatu: wazee wakae

Kati ya misimamo hiyo miwili upo wa usuluhishi. Mwenye tatizo anapelekwa kwa balozi, shehe, mchungaji, wazee wa ukoo au baraza la kata. Msimamo huu una mizizi mirefu. Qurani, katika sura ya nne, inaelekeza ateuliwe msuluhishi kutoka upande wa mume na mwingine kutoka upande wa mke. Sheria ya Ndoa nayo, kwa kawaida, inataka mgogoro upite kwenye bodi ya usuluhishi kabla ya maombi ya talaka kufika mahakamani.

Faida zake ni wazi. Ni wa karibu, hauna gharama kubwa, hauvunji nyumba kwa kosa la siku moja, na unamrudishia msikilizaji ile idhini iliyopotea mjini. Kwa ugomvi wa matumizi, ulevi unaoanza, wivu au mashemeji, pengine hakuna njia bora.

Tatizo ni shabaha yake. Msuluhishi hutafuta amani, na amani ya haraka hupatikana kwa kumwambia aliye dhaifu avumilie. Mke anaketi mbele ya wanaume watano, mumewe akiwa kando yake, na kuulizwa alimkosea nini. Jambo hugeuka baya zaidi usuluhishi unapotumika kwa kosa lisilosuluhishika. Ubakaji wa mtoto, ambao kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 adhabu yake haipungui miaka 30 jela, bado katika baadhi ya maeneo humalizwa kifamilia kwa fedha au mifugo. Hapo wazee wanakuwa wameuza kimya cha mtoto.

Mizani

Misimamo yote mitatu ina kosa moja: inauliza kama nyumba iingiliwe, wakati faragha si mali ya nyumba. Ni haki ya kila aliyemo ndani, mmoja mmoja. Mke anayo, mtoto anayo, dada wa kazi anayo, sawa na baba mwenye nyumba. Swali likianzia hapo, jirani hajiulizi tena kama anaingilia familia ya watu. Anajiuliza ni nani ndani ya nyumba ile anayelindwa na kimya chake, na ni nani anayeumizwa nacho.

Vipimo vinne vinafuata. Cha kwanza ni hatari: je, mwili au uhai wa mtu uko mashakani? Cha pili ni uwezo wa kutoka: anayeumizwa anaweza kuondoka, kuomba msaada, kupiga simu? Cha tatu ni ridhaa: mtu mzima mwenye akili timamu anataka nini? Cha nne ni uhakika: jirani ameona, amesikia, au amesimuliwa?

Tuvipime kwenye hali zinazojulikana. Wanandoa wanapotukanana kwa sababu ya hela ya matumizi, hatari ni ndogo na wote wawili wana sauti. Hapo jembe na kapu vinatosha. Nani anamtembelea nani, kwa nini hawajazaa, mahari yalilipwa au la: hakuna anayeumizwa, na jirani hana kazi yoyote pale.

Kipigo kwa mtu mzima ni kigumu zaidi. Kinapoendelea na uhai uko hatarini, kukisimamisha kunatangulia kila kitu, ridhaa ikiwemo. Kikishapita, ridhaa ya aliyepigwa inarudi kuwa nzito, kwa sababu ndiye anayejua kitakachomfuata usiku. Kumpelekea kesi polisi asiyoitaka kunaweza kumfungia mlango wa mwisho wa msaada. Hilo halimaanishi jirani akae kimya. Linamaanisha azungumze na mwenyewe kabla ya kuzungumza na yeyote mwingine.

Kwa mtoto, mizani inalala upande mmoja. Hana uwezo wa kutoka, ridhaa yake haitafutwi, na sheria imekwishasema ni wajibu. Kofi moja halihitaji mtendaji wa mtaa, lakini majeraha yanayojirudia, njaa, kuachishwa shule, au dalili za kuguswa vibaya havisubiri kikao cha wazee. Binti wa kazi aliye chini ya miaka 18 yuko kundi hili, ingawa wengi humsahau kwa kuwa si mtoto wa mle ndani.

Namna ya kuingilia

Njia ina uzito sawa na uamuzi. Kampeni ya Bell Bajao, iliyoanza India mwaka 2008, iliwahimiza majirani wagonge kengele ya mlango wanaposikia kipigo na kuuliza jambo dogo tu. Mpigaji hashutumiwi, lakini anajua amesikika. Mitaani kwetu kuomba kiberiti au kuuliza kama maji yametoka kunafanya kazi hiyo hiyo, na hakumpi mtu sababu ya kumlaumu mke kwamba amewaita watu.

Hatua ya pili ni mazungumzo ya faragha mchana, mtu na mtu, bila shinikizo: kumjulisha aliyeumizwa kwamba amesikika, kumuuliza anataka nini, kukubaliana mahali pa kukimbilia na ishara ya kuomba msaada, na kumweleza kuhusu dawati la polisi na fomu yao ya PF3. Hatua ya tatu ni kugawana mzigo. Wapangaji watatu wanaokwenda pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa au afisa ustawi wa jamii hawawezi kuitwa wambea kirahisi, na ni vigumu kulipiziwa kisasi. Mwenye nyumba naye ana nafasi yake, mradi asiishie kuwafukuza wote wawili ili nyumba itulie.

Jambo la kuepukwa ni kupeleka habari kwa wasiohusika. Umbea na taarifa vinaweza kuwa na maneno yale yale. Vinatofautiana kwa anayeambiwa. Habari inayokwenda kwa mwenye uwezo wa kusaidia inamlinda aliyeumizwa. Ikizunguka saluni na kwenye makundi ya simu, inamvua nguo.

Kwa muhtasari

Kunyamaza kuna faida zake pale ambapo wote wana sauti na hakuna anayeumizwa. Usuluhishi unafaa kwa migogoro ya watu wenye nguvu zinazokaribiana, na haufai kabisa kwa jinai dhidi ya mtoto. Kuripoti ni wajibu kwa watoto. Kwa mtu mzima ni chombo cha kutumiwa kwa kumsikiliza yeye, isipokuwa uhai unapokuwa hatarini.

Mzigo huu hauwezi kubebwa na jirani peke yake. Mkanganyiko ulizaliwa pale mamlaka ya ukoo yalipodhoofika mjini na nafasi yake isijazwe kikamilifu. Kamati za mtaa zinazokutana kweli, vituo vinavyotunza siri ya mtoa taarifa, na nyumba salama zilizo karibu ndivyo vitakavyomfanya mpangaji wa chumba cha pili athubutu. Mpaka hapo, anayemlaumu jirani kwa kunyamaza aulize kwanza kama yeye mwenyewe angemuunga mkono siku ambayo jirani huyo angesema.